Kipimo cha Jeni na Ugonjwa wa Siliaki
(Hotuba ya afisa wa afya katika kikao cha wananchi)



Kuna watu ambao wakila chapati, mandazi au mkate, tumbo hujaa gesi, huharisha, hukonda au huishiwa damu. Huenda ni ugonjwa wa siliaki. Kinga ya mwili hushambulia utumbo kwa sababu ya gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai.

Mwauliza: je, kipimo cha jeni kitatupa jibu? Kitatoa nusu ya jibu. Hutafuta jeni ziitwazo DQ2 na DQ8. Usipokuwa na hata moja, karibu hakika huna siliaki. Daktari atafute chanzo kingine. Ukiwa nayo, usishtuke. Ulaya, watu 30 hadi 40 kati ya 100 wanazo, lakini mmoja hivi tu ndiye huugua. Ugonjwa huthibitishwa kwa kupima kingamwili katika damu, na mara nyingi kuchunguza kipande kidogo cha utumbo.

Kwa hivyo, usiache ngano kabla ya kupimwa damu. Ukiacha, kingamwili hupungua na majibu yatakupotosha. Aliyekwisha kuacha bado aweza kupimwa jeni, kwani chakula hakizibadilishi.

Ukithibitishwa, utaepuka gluteni maisha yako yote. Ugali wa mahindi, wimbi, mtama, wali, muhogo na viazi havina gluteni. Ila angalia: unga wako usisagwe kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano.