Mkuyuni Iko Kusini: Vipimo vya Marudio kwa Programu za Hesabu za Maji

Mada kwa semina ya watunga programu na wataalamu wa maji na kilimo

Utangulizi



Mkuyuni, mkoani Morogoro, kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mito ya upande huu humwaga maji katika Ruvu, mto unaotegemewa na Dar es Salaam. Anayekadiria kiasi cha maji kinachochukuliwa na jua na mimea hutumia programu ya kompyuta, na kanuni inayotumika sana ni ya Penman-Monteith, kama FAO ilivyoifafanua katika chapisho lake namba 56 la mwaka 1998. Hoja yangu ni kwamba programu hizo zipimwe kila zinapoundwa upya, na zipimwe pia kwa namba za upande wetu wa dunia.

1. Kosa linalopita kimya

Hesabu huhitaji mionzi ya jua inayofika juu ya angahewa, nayo hutegemea tarehe na latitudo. Latitudo ya kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Tuchukulie kwamba mtu amerekebisha sehemu inayosoma data, na alama hiyo ikapotea. Kwa Mkuyuni, tarehe 21 Juni, jibu sahihi ni takribani megajuli 30 kwa mita ya mraba kwa siku. Programu iliyoharibika itatoa karibu 36. Haitakwama wala kutoa onyo, na 36 ni namba ya kawaida katika nchi za joto. Hakuna atakayeshtuka, ingawa mionzi imezidishwa kwa karibu asilimia 18.

2. Namba za kupimia

Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya sokoni kwa mawe ambayo uzito wake unajulikana. Programu nayo ina mawe yake, na FAO imeyachapisha. Mfano wa Bangkok, mwezi Aprili, una jibu la milimita 5.72 kwa siku. Lakini Bangkok iko kaskazini, kwa hiyo programu iliyopoteza alama ya kutoa itafaulu mfano huo. Mfano wa tarehe 3 Septemba, nyuzi 20 kusini, una jibu la mionzi la megajuli 32.2. Hapo programu yenye kosa itatoa karibu 36.9, nayo itanaswa.

Vipo pia vipimo visivyohitaji kitabu. Katika hesabu hii, mchana wa Ikweta ni saa 12 kila siku ya mwaka. Kwa Mkuyuni uwe chini ya saa 12 mwezi Juni, na uzidi saa 12 mwezi Desemba.

Wengi hulinganisha tu matokeo ya leo na ya toleo lililopita. Njia hiyo hugundua mabadiliko, basi. Toleo lililopita likiwa na kosa, kipimo hugeuka mlinzi wa kosa hilo, na atakayelisahihisha ndiye atakayeonekana ameharibu.

3. Tofauti ya kuvumilia

Kompyuta hutunza desimali kwa mfumo wa namba mbili, ndiyo maana 0.1 kujumlisha 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Kubadili mpangilio wa kujumlisha, au kompaila, huweza kubadili tarakimu za mwisho. Kudai usawa kamili kutaleta kengele za uongo, na watu watazoea kuzipuuza. Jibu la 32.2 limekadiriwa kwa desimali moja, hivyo tofauti ya 0.05 inatosha. Kati ya matoleo mawili ya programu ileile, kiwango kiwe kikali zaidi, kwa mfano sehemu moja kwa bilioni. Kila kiwango kiandikiwe sababu yake, la sivyo mtu atakipanua siku kipimo kitakapomkwamisha.

4. Kuunda na kupima kwa amri moja

Stuart Feldman alitunga programu ya Make mwaka 1976, huko Bell Labs, ili faili zinazotegemea zilizobadilika ziundwe upya bila mtu kuzikumbuka moja moja. Vipimo navyo visitegemee kumbukumbu ya mtu. Katika Make huwekwa lengo liitwalo check. Anayetumia CMake ana CTest. Kanuni ni nyepesi: kipimo kikifaulu hurudisha sifuri, kikishindwa hurudisha namba nyingine, na kazi husimama. Ripoti itaje jibu lililotarajiwa, lililopatikana na tofauti yake, maana neno "imeshindwa" peke yake halimsaidii mrekebishaji.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila programu ya maji inayotumika Morogoro iwe na angalau mfano mmoja uliochapishwa wa kusini mwa Ikweta. Pili, badiliko lisipokelewe kabla vipimo vyote havijapita. Tatu, namba ya kupimia isibadilishwe pamoja na msimbo katika hatua moja. Mtu wa pili aikague kwanza. Nne, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) wanaoandika modeli wakabidhi vipimo pamoja na msimbo, ili Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, au yeyote atakayeipokea kazi hiyo, aweze kuihakiki bila kumtafuta mwandishi.