Kivuko cha Msangamkuu: Safari Fupi, Tahadhari Ileile



Mtu akisimama Msemo huiona Msangamkuu ng'ambo kwa macho yake. MV Mafanikio, kivuko kinachosimamiwa na Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA), huvusha abiria na magari katika mkono huo mfupi wa bahari. Kwa kivuko hicho mgonjwa huwahishwa Hospitali ya Ligula, na samaki hufika sokoni wangali wabichi. Asiyekipata hulazimika kuzunguka kwa barabara.

Ufupi wa safari ndio uwapao wengi ujasiri usiofaa. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugorora, MV Nyerere ilipinduka Ziwa Victoria ikiwa imekaribia kabisa gati la Ukara. Iliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliofariki peke yao walikuwa 228. Nchi kavu ilikuwa mbele ya macho yao.

Chombo hakipinduki kwa wingi wa uzito tu, bali pia kwa namna uzito huo ulivyokaa. Gari lililoegeshwa upande mmoja hukiinamisha. Watu wanaposukumana kuelekea mlangoni kabla ya kutia nanga, mzigo wote huhama kwa dakika moja. Gunia lililopangwa juu ya gunia hupandisha uzito, na chombo chenye uzito juu huyumba kwa wimbi dogo.

Kwa hiyo dereva anapaswa kushusha abiria wake kabla ya kuingia, kuegesha anapoelekezwa, kuzima injini, kukaza breki ya mkono na kuhakikisha magurudumu yamezuiwa kwa kabari. Abiria naye ajue maboya ya kujiokolea yalipo, amshike mtoto wake mkono, na asubiri chombo kisimame ndipo ashuke.

Lililo gumu zaidi ni kukubali kubaki. Baharia akitangaza kwamba kivuko kimejaa, asitukanwe wala asibembelezwe kwa kuwa ni jirani au ndugu. Anayeachwa gatini hupoteza muda; anayelazimisha kupanda huhatarisha roho za wote.

Kanuni hizi zinawahusu pia wanaovuka Mto Ruvuma pale Kilambo kwenda Msumbiji. Wahenga walinena: tahadhari kabla ya hatari.