Milima ya Karatasi, Kuta za Manila

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyosomwa hewani katika kipindi chetu cha utamaduni na burudani.

Juma hili ninakusudia kuzungumzia sanaa ndogo isiyotajwa sana redioni: sanaa ya kujenga milima, mapango, ngome na vijiji kwa karatasi, ili vitumike mezani katika michezo ya kuigiza wahusika.

Yawezekana wapo wasioufahamu mchezo wenyewe, basi na tuanzie hapo. Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ndiye msimulizi, na kazi yake yafanana na ya bibi anayesema "Paukwa" akangoja kuitikiwa "Pakawa". Tofauti ni kwamba hapa wasikilizaji wenyewe wamo ndani ya hadithi. Kila mmoja ana mhusika wake, awe shujaa, mwizi au mchawi, naye ndiye anayeamua mhusika huyo atende nini. Jambo likiwa na shaka, dadu hurushwa, na iliyo mashuhuri kupita zote ni ile yenye nyuso 20. Mchezo uliofungua njia ni Dungeons & Dragons, ulioandikwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa mwaka 1974 kwa nakala 1,000 tu za mwanzo. Jalada la toleo lile tayari lilitaja vifaa vya mchezo: karatasi, penseli na sanamu ndogo.

Hata hivyo, fikra ya kuiweka nchi nzima juu ya meza ni kongwe kuliko hapo. Mwaka 1812, katika ufalme wa Prussia, von Reiswitz alimtengenezea Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu meza ya mchezo wa vita. Juu yake palikuwa na vigae vya kaure vilivyochorwa mito, barabara na misitu, navyo viliweza kupangwa upya kila mara ili kupata uwanja mwingine. Ilikuwa kazi ya kupendeza, lakini ilikuwa kazi ya kumpelekea mfalme. Mwaka 1824 mwanawe alichapisha mchezo uliochezwa juu ya ramani za karatasi, na hapo ndipo jeshi lilipoanza kuutumia kuwafundishia maofisa. Kaure ilibaki ikulu. Karatasi ikaenda kambini.

Ninakitaja kisa hicho, msikilizaji, kwa sababu kimejirudia katika zama zetu. Sanamu na majengo ya plastiki au ya metali yanayouzwa madukani hapa Ulaya na Marekani ni mazuri, lakini bei yake ni ya juu. Kijana anayetaka kijiji kizima mezani hulazimika kununua nyumba moja moja, na kila moja yahitaji kupakwa rangi. Karatasi ilikuja kuivunja kuta hiyo ya bei. Mwaka 1980 kampuni ya Steve Jackson Games ya Marekani ilianza kuuza wahusika waliochapishwa kwa rangi kwenye karatasi ngumu, wa kukatwa na kukunjwa wasimame. Ilipofika miaka ya 2000, intaneti na printa za nyumbani zilikamilisha mageuzi hayo. Wachoraji wadogo wadogo, na kampuni kama Fat Dragon Games, walianza kuuza michoro ya kuta, sakafu na minara kwa faili za kompyuta. Mnunuzi hulipa mara moja, kisha huuchapa ukuta uleule mara 20 akipenda. Ukimwagikiwa na chai, huchapa mwingine.

Sasa kazi yenyewe hufanywaje? Kwanza ni karatasi. Ile ya kawaida ya ofisini hulegea, kwa hiyo wajenzi hutumia karatasi ya manila, ya uzito wa gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba. Pili ni kipimo. Katika toleo la tatu la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2000, mraba wa inchi moja mezani ni sawa na futi tano katika hadithi, na desturi hiyo ingali inafuatwa. Chumba cha futi 30 kwa 40 huwa inchi 6 kwa 8, na hukaa sawasawa katika ukurasa mmoja wa A4. Hapa pana mtego: printa nyingi hupunguza ukubwa wa mchoro ili uingie ndani ya kingo. Ikichapa kwa asilimia 95, ukuta wa inchi 8 hupungua kwa karibu sentimita moja, na vipande vilivyochapwa siku tofauti havitaoana kamwe. Ndiyo maana mjenzi mwangalifu huchapa kwa asilimia 100, kisha hupima kwa rula kabla ya kukata chochote.

Tatu ni mkunjo. Kabla ya kukunja, mstari hupitishwa kwa ncha butu, kama vile kalamu iliyokwisha wino, ikiongozwa na rula ya chuma. Karatasi iliyotayarishwa hivyo hukunjika kwa ukingo ulionyooka. Isiyotayarishwa hupinda na kuchanika rangi. Nne ni gundi. Gundi nyeupe ya mbao hupakwa kidogo sana kwa ncha ya kijiti, kwani ikizidi hulowesha karatasi na kuipindapinda. Mwisho ni kingo. Kila pahala wembe ulipopita hubaki mstari mweupe unaoidhihirisha karatasi. Kalamu ya rangi ya kijivu au ya kahawia ikipitishwa pale, macho hudanganyika, na manila hugeuka jiwe. Kwa kilima, tabaka za katoni kuukuu hubandikwa moja juu ya nyingine, kila moja ikiwa ndogo kuliko iliyo chini yake, kama mistari ya mwinuko katika ramani.

Mama mmoja Mswahili anayeishi hapa Uingereza aliwahi kuniuliza, tena kwa uchungu: "Mwanangu ana miaka 14, anakata makaratasi juma zima. Ndiyo masomo tuliyomletea huku?" Swali hilo halistahili kubezwa. Wazazi wengi walio ughaibuni hufanya kazi zamu mbili, na saa ya mtoto wameinunua kwa jasho. Jibu langu ni kwamba atazame mikono ya huyo kijana. Anayejenga mnara wa karatasi hupima, hukokotoa, husoma mchoro bapa na kuuona umbo lake kabla haujasimama. Akikosea hapigiwi kelele na mtu. Pembe hukataa kufunga, naye huanza upya. Na kazi ikimalizika, haina maana akiwa peke yake. Sharti awaalike wenzake waje waketi uso kwa uso. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa janga la korona, wachezaji wengi walihamia kwenye meza za mtandaoni, na hadithi ziliendelea. Lakini wengi walirudi kwenye mbao na karatasi milango ilipofunguliwa, kwa kuwa walikosa ule mwegemeo wa mabega mezani.

Ninamwongezea mama huyo jambo moja. Msimulizi aweza kuwa yeyote, na hadithi yaweza kusimuliwa kwa lugha yoyote. Hakuna kanuni inayokataza ngome ile ya manila kuwa na sultani, jini na sungura mjanja, wala kuzuia watoto wa nyumbani kujibizana kwa Kiswahili juu yake. Mtoto anayesitasita kuzungumza lugha ya wazazi akiulizwa habari za shule, pengine atathubutu akiwa na joka mbele yake.

Pamoja na hayo, zipo tahadhari mbili. Ya kwanza, mapambo yasiimeze hadithi. Msimulizi aliyejenga daraja kwa siku tisa hushawishika kuwalazimisha wenzake walivuke, ilhali wao wameamua kupita msituni. Akiwaburura, amewanyang'anya mchezo. Ya pili, faili aliyoinunua mtu ni ya meza yake. Kuisambaza kwa marafiki bila malipo ni kumnyima riziki mchoraji ambaye mara nyingi hufanya kazi peke yake, na michoro ya halali ya bure ipo tele kwa anayeanza.

Msikilizaji, kwa asiye na uwezo wa kununua kaure ya mfalme, njia ipo. Katoni la sabuni, mkasi, gundi na subira vyatosha kuusimamisha mlima wa kwanza. Msimulizi na wasikilizaji watajaza yaliyosalia.