Neno Moja katika Katiba ya Oklahoma



Sisi tulio makarani twajua nguvu ya neno moja katika kanuni. Katiba ya jimbo la Oklahoma, huko Marekani, iliyoanza mwaka 1907, ilisema kuwa Gavana, Naibu wake, Mweka Hazina, Mwanasheria Mkuu, hata Msimamizi wa Elimu, sharti awe raia mwanamume. Lakini kazi ya kuangalia magereza na nyumba za maskini iliachwa wazi kwa wote, na mwaka ule ule Bibi Kate Barnard aliipata kwa kura za wanaume watupu. Mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kupiga kura katika uchaguzi huo! Mtu aaminiwa kusimamia magereza, wala haaminiwi kutia karatasi sandukuni.

Mwaka 1918 wanawake wa Oklahoma walipata kura. Mtu angedhani mambo yamekwisha. Hayakwisha, maana haki ya kuchagua si haki ya kuchaguliwa, na lile neno lilibaki mahali pake. Katiba haifutwi kwa kalamu ya karani. Ilipasa wananchi waulizwe, nao walikubali mwaka 1942, yaani miaka 24 baadaye. Gavana wa kwanza mwanamke, Bibi Mary Fallin, alichaguliwa mwaka 2010.

Nasi tusiwacheke. Kanuni yetu juu ya wajumbe wa Halmashauri ingali yasema “wanaume”, ingawa mabibi hulipa ada sawasawa na mabwana. Twaomba neno hilo lipigiwe kura leo, kabla ya uchaguzi.