Shokapu Inayovuja Huiba Breki

Mazungumzo na wenye pikipiki wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa



Leo tunataka kuzungumza juu ya shokapu za mbele za pikipiki. Sisi ni mafundi, na tunajua kwamba wengi wenu mnaziona shokapu kuwa kitu cha kukufanya ukae vizuri tu. Eti zikiharibika, shida yake ni kurushwa rushwa njiani. Sivyo. Shokapu ya mbele ni ndugu wa breki. Ikivuja, inaiba breki yako.

Hebu tuitazame nchi yetu. Maji ya Ziwa Nyasa yako chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Milima ya Umatengo, penye ngoro na kahawa, ina sehemu zinazopita mita 1,500. Kwa hiyo, anayetoka Mbinga kwenda Mbamba Bay anateremka sana. Siku hizi kuna lami mpaka Mbamba Bay. Lami ni jambo jema, lakini kwenye lami mwendo huongezeka, na mteremko ni ule ule. Ukiiacha lami kuingia vijijini, unakuta mawe na vumbi, na masika unakuta matope. Huko ndiko pikipiki inakobeba gunia la kahawa na tenga la dagaa. Na usiku wa manane, hiyo hiyo ndiyo inayompeleka mama mjamzito hospitali.

SHOKAPU INAFANYAJE KAZI?

Pikipiki ina shokapu mbili mbele, moja kila upande wa gurudumu. Kila moja ina bomba jembamba linalong'aa, ambalo huingia ndani ya bomba nene la chini. Ndani mna springi na oili. Springi inabeba uzito. Oili inaituliza springi isicheze ovyo. Mdomoni mwa bomba la chini kuna mpira wa duara unaoitwa sili. Kazi yake ni kuzuia oili isitoke. Juu yake kuna mfuniko wa kuzuia vumbi. Ufundi huu wa kutuliza springi kwa oili si wa jana. Kampuni ya BMW ya Ujerumani iliuweka katika pikipiki zake za kuuza mwaka 1935.

Basi, sili ikichanika, oili inatoka. Hapo yanafuata mambo mawili. Kwanza, springi inabaki bila wa kuituliza, na gurudumu linaruka ruka. Gurudumu lililo hewani halina breki. Pili, oili inateremka kwenye gurudumu. Ikifika kwenye lainingi au kwenye sahani ya breki, breki inateleza. Na mkumbuke, unapofunga breki uzito mwingi hukimbilia mbele. Kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa.

DALILI ZAKE

Huhitaji fundi ili kuzijua dalili. Futa bomba linalong'aa kwa kitambaa safi. Shika breki ya mbele, kandamiza usukani kwa nguvu mara tano au sita. Kisha tazama. Ukiona duara la oili kwenye bomba, sili imechoka. Ukiachia usukani nao ukapanda na kushuka mara kadhaa kabla ya kutulia, oili imepungua. Ukisikia chuma kikigonga chuma kila ukiingia shimoni, hali ni mbaya zaidi.

Sili huchanwa na nini? Adui wa kwanza ni vumbi na matope yaliyokaukia kwenye bomba. Kwetu mwambaoni kuna mchanga pia. Maji ya ziwa letu si ya chumvi kama ya bahari, lakini mchanga wake unakata kama msasa. Adui wa pili ni kutu, kwa sababu bomba lenye vidonda vya kutu linakwaruza sili kila linapopita. Adui wa tatu ni mishikaki: abiria wawili au watatu, na mzigo juu yake.

KAZI YENYEWE

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali tambarare. Weka gogo au kreti imara chini ya injini, gurudumu la mbele lining'inie. Hakikisha haiyumbi.

Kabla ya kuchomoa kitu, legeza kwanza bolti zinazobana shokapu pale juu, halafu legeza kidogo vifuniko vya juu vya shokapu. Legeza pia bolti iliyo chini kabisa ya kila shokapu. Kwa nini sasa? Kwa sababu springi ikiwa bado imebanwa inashikilia vyuma vya ndani. Ukishaitoa springi, bolti ile ya chini mara nyingi huzunguka bure bila kufunguka.

Sasa toa waya wa breki, gurudumu na madigadi. Kama breki ni ya sahani, ifunge kwa kamba kwenye fremu isining'inie kwa mpira wake, na usiminye breki ya mkono. Legeza bolti zote zinazobana, kisha vuta shokapu chini huku ukiizungusha.

Fungua kifuniko cha juu polepole, uso ukiwa pembeni. Springi inakisukuma na inaweza kukurukia. Angalia springi ilikaaje, upande gani ulikuwa juu. Mwaga oili yote kwenye chombo, usiimwage ziwani wala mtoni. Kisha ondoa bolti ya chini, mfuniko wa vumbi na klipu ya waya. Ng'oa sili kwa bisibisi iliyofungwa kitambaa, usije ukakwaruza mahali inapokaa.

Osha vyuma vyote kwa mafuta ya taa, mbali na moto, uvikaushe vizuri. Viringisha bomba linalong'aa juu ya kioo au meza iliyonyooka. Likiyumba, limepinda. Usiligonge kwa nyundo, tafuta jingine. Pitisha ukucha juu yake. Kutu kidogo unaweza kuisugua kwa msasa laini wenye maji. Lakini ukucha ukinasa kwenye kidonda, hata sili mpya haitadumu.

SOMA NAMBA

Hapa ndipo kisomo chetu kinapotulipa. Sili ya zamani ina namba, kwa mfano 31, 43, 10. Namba ya kwanza ni upana wa tundu la ndani kwa milimita. Ya pili ni upana wa nje. Ya tatu ni unene. Ziandike kwenye karatasi, nenda nazo dukani. Usikubali kuambiwa, "Chukua hii, inafanana." Iliyopungua milimita moja itavuja siku hiyo hiyo.

Paka sili mpya oili. Mara nyingi upande wenye maandishi hutazama juu. Igongee kwa bomba lenye upana wake, pole pole, pande zote sawasawa. Hakikisha klipu imeingia kwenye mfereji wake. Bolti ya chini iwekee washa mpya, maana oili hupitia hapo pia.

Oili nayo, soma kitabu cha pikipiki. Kitakwambia aina na kipimo. Pikipiki ndogo nyingi hutumia oili nyepesi ya shokapu yenye maandishi 10W, na kila upande haufiki robo lita. Pima kwa chombo chenye alama, sio kwa macho. Pande zote mbili ziwe sawa kabisa. Kisha sukuma bomba juu na chini pole pole mara kumi hivi, hewa itoke.

Unaporudisha, shokapu zote mbili ziwe na urefu sawa pale juu. Kandamiza usukani mara kadhaa kabla ya kukaza ekseli moja kwa moja, ili gurudumu likae katikati. Lainingi zilizolowa oili zitupe. Kuzikausha kwenye moto ni kujidanganya. Jaribu pikipiki peke yako kwanza, mahali tambarare, mwendo mdogo.

MAMBO YA KUACHA

Tuache kutia oili chafu ya injini kwenye shokapu. Ina vumbi la chuma ndani yake. Tuache kuongeza vipande vya bomba juu ya springi ili ibebe zaidi. Na tuache kusema, "Nitatengeneza baada ya mavuno ya kahawa." Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sili ni mpira mdogo na bei yake ni ndogo. Bomba jipya ni ghali mara nyingi zaidi. Mtu hana bei.

Ndugu zangu, si lazima kila mmoja awe fundi. Lakini kila mwenye pikipiki anaweza kufuta shokapu zake kila jioni kwa kitambaa chenye unyevu, na kukandamiza usukani kila asubuhi kabla ya kupakia abiria. Nanyi abiria, msione haya. Mkiona oili inatiririka kwenye shokapu, mwambieni dereva, "Mwanangu, tengeneza kwanza." Kisha shukeni, mtafute pikipiki nyingine.

 Safari njema.