Kibanda cha Mtoto Kabla ya Masika: Kinga Mbao, Mlinde na Mtoto

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wazazi, walimu wa chekechea na mafundi seremala wa Kaunti ya Kilifi



Kibanda cha mbao cha kuchezea, kiwe chini ya mwembe nyumbani au kando ya darasa la chekechea, kina kazi kubwa. Humo watoto hupika mchanga, hufungua duka na kucheza cha baba na cha mama. Elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, na kila mwalimu anajua kwamba mtoto wa umri huo hujifunza kwa kucheza. Kibanda hicho basi ni kifaa cha masomo, nacho kinastahili kutunzwa kabla mvua haijafika.

Adui wa mbao hapa Pwani ni mvua, jua, mchwa na hewa ya chumvi. Mafundi wa mashua wanayajua hayo tangu zamani. Walipaka vyombo vyao sifa, yaani mafuta ya papa, na wakarudia kila yalipokauka. Lakini kibanda cha mtoto kina sharti ambalo mashua haina. Mtoto huuma ukingo wa dirisha, hushika ukuta, kisha hutia vidole mdomoni. Kinachopakwa kwenye ubao chaweza kuishia tumboni mwake.

Kwa hiyo yako mambo matatu ya kukataa.

La kwanza ni oili chafu ya gari. Wengi huipaka kwenye nguzo za uzio ili kufukuza mchwa. Kwenye kibanda cha mtoto haifai hata kidogo. Imebeba mabaki ya vyuma vya injini na kemikali zinazohusishwa na saratani, haikauki sawasawa, na hushika mikono na nguo. Isitoshe, rangi ikipakwa juu yake haishiki.

La pili ni mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijanikijani. Nyingi zina aseniki, ambayo ni sumu. Nchini Marekani watengenezaji walikubali kuacha kuuza mbao za aina hiyo kwa ajili ya nyumba na vifaa vya watoto kuanzia mwisho wa mwaka 2003.

La tatu ni rangi yenye madini ya risasi. Risasi hutiwa kwenye baadhi ya rangi za mafuta ili ziwe na mng'ao au zikauke upesi, hasa za manjano, nyekundu na chungwa, ambazo ndizo watu huchagulia watoto. Hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Huharibu ubongo unaokua, na mtoto hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutokana na kile anachomeza. Pwani inaujua uchungu wa risasi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamua kwamba wakazi wa Owino Uhuru, waliodhurika na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwa rangi, kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya ni sehemu 90 za risasi kwa kila milioni. Mnunuzi atafute mkebe wenye alama ya ubora ya KEBS na maandishi kwamba haina risasi. Rangi iliyopimwa kwenye chupa ya soda bila jina isinunuliwe.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya brashi, fundi aizuie maji kwa ujenzi. Kibanda kikae juu ya mawe au matofali, angalau sentimita 15 kutoka ardhini. Mchwa wakipanda, njia yao ya udongo itaonekana na kubomolewa mapema. Paa, liwe la makuti au mabati, lipite kuta ili maji yasitiririke kwenye mbao, na kingo za mabati zikunjwe zisimkate mtoto. Mbao za sakafu ziachiwe nafasi ndogo ili maji yatoke. Misumari iwe isiyoshika kutu, na vichwa vyake vizamishwe.

Wakati mzuri wa kupaka ni Januari na Februari, kaskazi inapovuma na mbao zimekauka. Rangi juu ya ubao mbichi hufura na kubambuka. Piga msasa mpaka mkono upite bila kuchomwa na vibanzi, kisha futa vumbi. Vichwa vya mbao, pale ziliposhikwa na msumeno, ndipo maji hunyonywa zaidi. Vipakwe kabla ya kuunganishwa. Anza na praima, halafu mikono miwili ya rangi ya nje, kila mkono ukikauka kwa muda ulioandikwa kwenye mkebe. Vanishi isiyo na rangi hupendeza, lakini jua huipenya na baada ya muda hubanduka.

Gharama inaweza kukadiriwa. Kibanda cha mita 1.5 kwa 1.2, chenye kuta za kimo cha mita 1.5, kina karibu mita mraba 8 za ukuta. Mikono miwili, nje na ndani, ni mita mraba 32. Lita moja hufunika takriban mita mraba 10 za ubao laini, hivyo mkebe wa lita 4 unatosha.

Kwa kibanda cha zamani kilichopakwa rangi isiyojulikana, tahadhari iongezwe. Usikwangue rangi ikiwa kavu, kwa maana vumbi lake ndilo hatari. Lowesha kwanza, tandika turubai chini, kusanya maganda yote, na watoto na kuku wakae mbali. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Watoto wasiingie mpaka rangi ikauke kabisa na harufu iishe. Thina na rangi iliyobaki zifungiwe mbali nao, katika mikebe yake ya asili.

Masika yakiisha, mwaga maji kidogo ukutani. Yakitiririka kwa matone, rangi bado inafanya kazi. Yakinyonywa, mahali hapo panahitaji msasa na brashi kabla ya vuli. Mzazi au mwalimu anaweza kufanya ukaguzi huo mwenyewe kwa dakika chache, bila kumlipa fundi.