Usipoziba ufa, utanunua pampu

Ndugu msikilizaji, mwaka 2019 watoto wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam walinipa jina. Waliniita Mzee wa Gari Linalopiga Magoti. Jioni niliegesha gari likiwa limesimama wima kama askari wa gwaride; alfajiri nililikuta limelala, bodi ikikaribia kugusa matairi. Niliwasha injini, nikasubiri, nalo likanyanyuka polepole huku watoto wakishangilia. Nilicheka pamoja nao. Sikujua kwamba kicheko kile kingenigharimu ada ya shule ya muhula mzima.

Kwa wasiolifahamu gari la aina hii, niseme kidogo. Magari mengi makubwa ya kifahari hayakai juu ya springi za chuma. Yanakaa juu ya mipira iliyojazwa upepo. Range Rover iliyotoka mwaka 1994, kwa mfano, ilikuwa na mipira hiyo kwenye magurudumu yote manne. Pampu ndogo ya umeme husukuma upepo, upepo hupita kwenye chombo cha kukausha unyevu, kisha vali huugawa kwenda kila mpira. Karibu na magurudumu kuna sensa zinazopima urefu wa gari, na kompyuta ndiyo msimamizi wa yote.

Basi, siku moja gari halikunyanyuka kabisa. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Nililipeleka gereji, wakalipima kwa kompyuta, wakaniambia pampu imekufa. Kweli ilikuwa imekufa. Nikanunua nyingine, ikafungwa, nikaondoka nikipiga mluzi. Haikumaliza miezi minne, nayo ikafa. Nikawatukana mafundi moyoni, nikamtukana na aliyeniuzia spea. Rafiki mmoja akanishauri ning'oe mipira yote nifunge springi za chuma, nisahau.

Kabla sijafanya hivyo, nilikwenda kwa fundi mmoja mzee kule Gerezani. Hakufungua hata boneti. Aliniuliza swali moja tu: "Mzee mwenzangu, gari lako huanza kulala kona ipi?"

Ndugu msikilizaji, sikuwa na jibu. Nililiendesha gari lile kwa miaka mitatu, na sikujua linaanguka upande gani!

Akanipa kazi ya nyumbani. Niegeshe mahali tambarare, nichukue futi ya fundi cherehani, nipime kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, niandike. Kisha nichomoe fyuzi ya mfumo huo, kwa sababu baadhi ya magari haya huamka yenyewe usiku kujisawazisha: kona moja ikishuka, kompyuta huzishusha na nyingine zilingane nayo, na asubuhi huwezi kumjua mwenye kosa. Asubuhi nipime tena.

Nilipima. Kona tatu hazikuwa zimeshuka kiasi cha kusemwa. Ya mbele, upande wa abiria, ilikuwa imeshuka vidole vinne.

Nilipolirudisha, fundi alilinyanyua gari, akaweka stendi imara chini ya chasisi, ndipo akaingiza mkono. Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Gari linaloshikiliwa na upepo linaweza kushuka ghafla bila kupiga hodi. Asiingie mtu uvunguni kwa kuutegemea upepo, wala kwa kutegemea jeki peke yake. Spea hununuliwa, fundi hanunuliwi.

Akachanganya sabuni na maji, akapaka kwenye mpira na kwenye maungio ya bomba. Pale chini, mpira unapojikunja na mchanga kujikusanya, vikaanza kutoka vipovu vidogo. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele.

Huo ndio uliokuwa umeua pampu mbili. Pampu hizi zimeundwa kufanya kazi kwa muda mfupi na kupumzika. Mpira ukivuja, pampu haipumziki. Hupata joto, huchoka, hufa. Kompyuta ya gereji ilisema kweli, lakini ilimtaja marehemu, haikumtaja muuaji.

Fundi alibadilisha mipira miwili ya mbele, maana iliyozaliwa pamoja huzeeka pamoja. Alibadilisha na rilei ya pampu, kifaa cha bei ndogo ambacho kikiungua na kuganda huiacha pampu ikizunguka mpaka iungue. Aidha, alikagua dawa ya kukaushia unyevu. Katika hewa yetu hii ya pwani dawa hiyo ikilowa, maji huingia kwenye vali na kuzila kwa kutu.

Alinifundisha pia kusoma dalili nyingine. Kona mbili za mbele zikilala pamoja huku mipira yake haitoi povu, ishuku vali. Gari likikaa upande ilhali upepo haupotei popote, tazama sensa au waya wake. Pampu ikiwa kimya kabisa, anza na fyuzi na rilei kabla hujaihukumu.

Sisemi springi za chuma ni haramu. Mwenye kuzitaka azifunge, akijua kwamba anaacha ule ulaini na uwezo wa kupandisha gari mahali pabaya. Lakini kukimbia ugonjwa si kuupima.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga kuta mbili na ufa ukabaki palepale. Kwa hiyo nawaomba wenye magari: kabla ya kuuliza bei ya spea, jueni gari lenu linalala upande gani. Na ninyi mafundi wetu, kifaa kikifa, msikizike kabla ya kuuliza kimekufa kwa nini. Sabuni na futi havizidi bei ya chakula cha mchana.

Watoto wa mtaani sasa wamenisahau. Gari langu halipigi magoti tena.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo, inshallah.